Watateuliwa na Nani? Njia Tatu za Kupata Wajumbe wa Kamati, na Ipi Ifae Wapi

Mwezi uliopita vijana wa baraza moja la wilaya walinitumia rasimu ya kanuni zao za kudumu. Wajumbe wao ni 34, kamati ni tano. Kurasa 11 zilikuwa zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa: namna ya kuitisha kikao, akidi, utaratibu wa kuomba kuzungumza, hata faini ya anayeacha simu iite ukumbini. Nilipofika kwenye kifungu cha kamati nikakuta sentensi moja: "Wajumbe wa kamati watateuliwa." Nukta.

Nikawapigia. Watateuliwa na nani? Simu ikakaa kimya kidogo, halafu sauti tatu zikajibu kwa pamoja. Mmoja alisema mwenyekiti. Mwingine akasema kila tarafa ilete majina yake. Binti aliyekuwa ameandika sehemu kubwa ya rasimu akasema, tupige kura.

Bila kujua, walikuwa wametaja njia tatu kuu zinazotumika katika mabunge makubwa. Tanzania uteuzi uko mikononi mwa Spika. Kenya na Marekani vyama ndivyo vinavyogawa nafasi. Uingereza, tangu 2010, kamati za kuisimamia serikali hupatikana kwa kura. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya vijana wale, na kwa yeyote anayeshika kalamu ya kanuni: serikali ya wanafunzi, bunge la kaunti linalopitia upya kanuni zake, au asasi inayotaka kupendekeza mabadiliko.

Kwa nini mtu agombanie kamati

Ukumbini ndiko kamera ziliko, lakini kazi hufanyika kwenye kamati. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, ilisoma bungeni Dodoma taarifa yake kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alijiuzulu, na Waziri wa Ardhi, Anna Tibaijuka, akaondolewa. Januari 2015 akafuata Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo. Kabla ya hapo, Februari 2008, taarifa ya kamati teule ya Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilimfikisha Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu. Mawaziri wale hawakuangushwa na hotuba kali. Waliangushwa na watu wachache waliokaa chumbani na mafaili, wakaita mashahidi, wakahesabu.

Kwa hiyo swali la nani anakaa kwenye chumba hicho ni swali la nani atahojiwa na nani atapita bila kuguswa.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote tatu kwa vigezo vilevile vinne. Cha kwanza ni ujuzi: je, daktari anafika kamati ya afya na mhasibu kamati ya hesabu, au wanaishia kokote? Cha pili ni uwiano wa jinsia, maeneo, vyama na makundi madogo. Cha tatu ni muda na gharama ya kuwapata wajumbe. Cha nne nakiita mlango wa kutokea: mjumbe akiuliza swali lisilopendwa, nani anaweza kumtoa, na kwa utaratibu gani?

Kigezo hiki cha mwisho nitakirudia mara nyingi, na nina sababu. Nilipokuwa chuo nilikuwa mjumbe wa kamati ya fedha ya serikali ya wanafunzi. Siku moja niliomba kuona risiti za jezi. Walizonunua zilikuwa 40, na nilizoziona uwanjani hazikufika 25. Juma lililofuata orodha mpya ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na jina langu lilikuwa kamati ya michezo. Sikupewa barua wala sikuitwa kikao. Nilisimama pale mbele ya ubao nikiisoma ile orodha mara tatu, nikitafuta nilipokosea. Baadaye nilisoma kanuni zetu nikaona hapakuwa na kosa lolote. Hazikusema nani anaondoa mjumbe, basi aliyeshika kalamu aliondoa.

Njia ya kwanza: Spika anateua

*Inavyofanya kazi.* Katiba ya Tanzania, Ibara ya 96, inaliruhusu Bunge kuunda kamati kadiri linavyoona inafaa, na mengine yote yamo kwenye Kanuni za Kudumu. Spika huteua wajumbe wa kamati za kudumu akizingatia mambo kadhaa: matakwa ya mbunge mwenyewe, ujuzi wake, jinsia, aina ya ubunge, vyama, na pande mbili za Muungano. Ujumbe hudumu nusu ya uhai wa Bunge, yaani takribani miaka miwili na nusu, halafu orodha hupangwa upya. Wajumbe wakishapangwa, wenyewe humchagua mwenyekiti na makamu. Kamati za hesabu, ikiwamo PAC, zimewekewa utaratibu wa kuongozwa na mbunge wa upinzani.

*Uwiano.* Hapa njia hii ina nguvu kuliko zote. Spika ni kama mchezaji wa bao anayeona mashimo yote kwa pamoja. Anajua kamati ya maji haina mjumbe hata mmoja kutoka mikoa kame, anajua wabunge wa viti maalumu wamerundikana kamati moja, anajua hakuna aliyetoka Pemba. Anahamisha kete, mambo yanakaa sawa. Vyama vikigawa kila kimoja kwa upande wake, au wajumbe wakipiga kura, hakuna anayeona ubao mzima.

*Ujuzi.* Unategemea Spika. Akitaka, ndiye anayeweza kumpeleka mhandisi kamati ya miundombinu bila kuangalia chama chake. Asipotaka, hakuna wa kumlazimisha, kwa sababu vigezo vya kuzingatiwa si vigezo vya lazima. Mwaka 2016 Zitto Kabwe, mtu aliyekuwa ameongoza kamati ya hesabu za mashirika ya umma na kisha PAC, alijikuta kwenye Kamati ya Huduma na Maendeleo ya Jamii. Kamati ile ni muhimu, afya na elimu si mambo madogo. Lakini miaka ya uzoefu wa kusoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilibaki nje ya chumba zinaposomwa.

*Muda na gharama.* Hakuna njia ya haraka kuliko hii. Majina yanatoka, kamati zinaanza kazi.

*Mlango wa kutokea.* Uko wazi kwa upande mmoja. Machi 2016, tuhuma za rushwa kwa baadhi ya wajumbe wa kamati zikiwa zinavuma, Spika Job Ndugai aliwabadilisha wajumbe wa kamati kadhaa kwa mpigo. Ukilitazama kwa jicho la Spika, alichukua hatua upesi, na upesi ule una thamani yake pale jina la Bunge zima linapochafuka. Ukilitazama kwa jicho la mjumbe asiye na hatia, amehamishwa pamoja na mtuhumiwa na wananchi hawajui nani ni nani. Tena mkono huo unaweza kufika mbali zaidi ya mjumbe mmoja. Februari 2013 Spika Anne Makinda alitangaza kuivunja kamati nzima ya hesabu za mashirika ya umma, POAC.

Marekani nao waliwahi kuishi hivi. Spika Joseph Cannon aliyeongoza Baraza la Wawakilishi kuanzia 1903 alikuwa na mamlaka ya kupanga kamati, na aliyatumia kuwaadhibu waliompinga, hata wa chama chake. Machi 1910 wabunge waliasi, na mwaka uliofuata mamlaka hayo yakaondolewa mikononi mwa Spika. Wakayapeleka kwa vyama.

*Inamfaa nani.* Chombo kipya ambacho wajumbe hawajuani. Chombo chenye makundi mengi madogo yanayohitaji mtu wa kuyapanga kwa haki. Na chombo ambacho Spika wake anaaminika na pande zote na hana deni kwa watendaji wanaosimamiwa na kamati hizo. Sharti hili la mwisho ndilo gumu.

Njia ya pili: vyama vinagawa

*Inavyofanya kazi.* Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Nafasi za kamati hugawanywa kwa uwiano wa viti vya pande za Bunge. Kamati ya Uteuzi, ambamo wamo viongozi wa walio wengi na walio wachache pamoja na viranja wao (wabunge wanaosimamia nidhamu ya chama bungeni), hukusanya majina kutoka kwa vyama na kuyapeleka ukumbini. Bunge huidhinisha orodha nzima au huikataa nzima. Huwezi kusimama ukasema, ninawakubali wote ila huyu.

Marekani kila chama kina kamati yake ya uongozi inayogawa nafasi, na ukongwe wa mbunge bado una uzito. Mgeni huanza mkiani.

*Uwiano.* Kati ya vyama, uwiano ni wa hesabu tupu, na faida yake mara nyingi haionekani mpaka ikosekane: upinzani unachagua watu wake wenyewe. Hakuna Spika wa kuwachagulia wapinzani wale wapole na kuwaacha wakali nje. Kwa chombo chenye siasa za ushindani hili ni jambo kubwa sana, na ndiyo sababu siwezi kuidharau njia hii pamoja na kasoro zake.

Tatizo huja pale hesabu yenyewe inapogombaniwa. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, miungano miwili ya vyama, Kenya Kwanza na Azimio, kila upande ulidai ndio wengi. Oktoba Spika Moses Wetang'ula aliamua kuwa wengi ni Kenya Kwanza, na kamati zikapangwa kwa msingi huo. Februari 2025 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi ule. Zaidi ya miaka miwili ya kazi za kamati ilikuwa imekwishapita. Wabunge wasio na chama nao wana shida yao: kanuni zinataka maslahi yao yazingatiwe, lakini hawana kiranja wa kuwasemea orodha inapoandikwa.

*Ujuzi.* Chama hutazama kwanza nani ametumikia chama. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia bunge la Marekani, aliapishwa Januari 1969 akiwakilisha Brooklyn, katikati ya jiji la New York. Chama chake kikampangia Kamati ya Kilimo, kwenye mambo ya misitu na vijiji. Wapiga kura wake walikuwa na nyumba zinazovuja na shule zilizojaa, na mti wa kuhesabu haukuwapo. Alikataa mbele ya wenzake, jambo ambalo mgeni hakutarajiwa kulifanya, na akahamishiwa Kamati ya Maveterani. Huko angalau alikuwa na wapiga kura waliohusika. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wajumbe wapya huliogopa bure: kupangiwa si kuhukumiwa. Unaweza kurudi ukasema hapana, ukatoa sababu, ukabadilishiwa.

*Muda na gharama.* Wastani. Mazungumzo ya ndani ya vyama yanaweza kuchukua majuma, lakini orodha ikifika ukumbini hupita haraka.

*Mlango wa kutokea.* Chama kilichokuingiza ndicho kinachokutoa. Mwaka 2020, ugomvi ulipopamba moto ndani ya Jubilee, chama tawala cha wakati huo, chama kiliwafagia viongozi waliohesabiwa kuwa upande wa Naibu Rais William Ruto. Aden Duale aliondolewa Juni kwenye uongozi wa walio wengi. Kimani Ichung'wah, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, naye akang'olewa. Bajeti ya nchi ilibadilishiwa mwenyekiti kwa ugomvi ambao haukuwa wa bajeti. Baada ya uchaguzi wa 2022 upepo ukageuka, na Ichung'wah akawa Kiongozi wa Walio Wengi, mmoja wa wale wanaoshika kalamu ya orodha.

Mlango huu huathiri hata wasioondolewa. Juni 2024, Muswada wa Fedha wa Kenya ulipotaka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, Kamati ya Fedha ilikwishasikiliza wananchi na mashirika kama Katiba inavyodai katika Ibara ya 118. Tarehe 18, maandamano yakiwa mitaani Nairobi, mwenyekiti wa kamati, Kuria Kimani, alitangaza kuwa kodi ya mkate imefutwa, pamoja na ile ya asilimia 2.5 kwenye magari. Tangazo lile alilitoa Ikulu, baada ya wabunge wa muungano tawala kukutana na Rais. Mkate ulipona, na hilo ni jema. Lakini mahali tangazo lilipotolewa panaeleza kamati ilikuwa ikimsikiliza nani.

Marekani kuna mlango wa pili: Baraza zima linaweza kumtoa mjumbe kwa kura ya wazi, hata chama chake kisipotaka. Februari 2021 walimtoa Marjorie Taylor Greene kwenye kamati zake kwa kura 230 dhidi ya 199. Februari 2023, wengi wakiwa wamebadilika, wakamtoa Ilhan Omar kwenye Kamati ya Mambo ya Nje kwa kura 218 dhidi ya 211. Mlango ukishafunguliwa na wengi wa leo, wengi wa kesho wataupitia.

*Inamfaa nani.* Bunge lenye vyama vyenye nidhamu na nguvu zinazokaribiana, ambamo kila upande unaogopa kuonewa na mwenzake. Haifai chombo kisicho na vyama, isipokuwa kama kuna makundi ya kweli yanayoweza kuchukua nafasi ya vyama, kama tarafa kwa vijana wangu.

Njia ya tatu: wajumbe wanapiga kura

*Inavyofanya kazi.* Hadi 2010 viranja wa Uingereza walikuwa na usemi mkubwa juu ya nani aingie kamati za kusimamia wizara. Julai 2001 serikali ilijaribu kuwaacha nje wenyeviti wawili wenye maswali magumu, Gwyneth Dunwoody wa uchukuzi na Donald Anderson wa mambo ya nje, wote wa chama tawala. Wabunge walizikataa orodha zile, na wawili wale wakarudi. Miaka minane baadaye, kashfa ya madai ya fedha za wabunge ilipolitia aibu bunge zima, kamati iliyoongozwa na Tony Wright ilipendekeza kalamu iondolewe kwa viranja. Tangu Juni 2010 wenyeviti wa kamati nyingi za usimamizi huchaguliwa na Bunge zima kwa kura ya siri, kila mpiga kura akiwapanga wagombea kwa namba kadiri anavyowapenda. Wajumbe wa kawaida huchaguliwa ndani ya vyama vyao.

Kuna hatua moja kabla ya kura ambayo wengi huisahau wanapoisifu njia hii. Vyama hukubaliana kwanza, kwa uwiano wa viti, kamati ipi iongozwe na chama kipi. Halafu wabunge wa vyama vyote humpigia kura mtu wa chama hicho. Kwa hiyo anayetaka uenyekiti anahitaji marafiki upande wa pili wa ukumbi, na hilo hubadilisha tabia ya mgombea tangu siku ya kwanza ya kampeni.

*Ujuzi.* Sarah Wollaston alikuwa daktari kabla ya kuwa mbunge wa Conservative mwaka 2010. Muswada mkubwa wa afya ulipoletwa 2011 aliomba kuingia kamati ya kuupitia. Kamati za miswada bado hupangwa na viranja. Alipoonyesha kuwa angependekeza marekebisho, hakuwekwa. Mwaka 2014 nafasi ya uenyekiti wa Kamati ya Afya ilipokuwa wazi, akagombea kwa kura ya siri, akashinda. Bunge ni lilelile, chama ni kilekile, na udaktari wake haukubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeshika kalamu. Sijui kisa kingine kinachoeleza jambo hili kwa ufupi kuliko hiki.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Kura hupendelea anayejulikana. Mjumbe mkimya anayesoma kila ukurasa anaweza kushindwa na mzungumzaji hodari asiyefungua faili.

*Uwiano.* Hapa njia hii ni dhaifu. Kura ya siri haijui kuwa kamati tayari ina wanaume tisa. Ukiutaka uwiano, lazima uweke nafasi maalumu kabla ya kura, si baada yake.

*Muda na gharama.* Kuna kampeni, kuna kuhesabu, na kamati zisizopendwa hukosa wagombea. Kila mtu anataka fedha. Maadili haina mtu.

*Mlango wa kutokea.* Ndio mgumu kuliko yote kwa mtu wa nje. Margaret Hodge wa Labour alichaguliwa 2010 kuongoza kamati ya hesabu za umma, na Novemba 2012 aliwakalisha wakuu wa Google, Amazon na Starbucks mbele ya kamati wakieleza kodi wanazolipa. Hakuna kiranja ambaye angemwondoa kwa barua. Julai 2020, kwenye kamati ya usalama na ujasusi ambayo wajumbe wake wenyewe humchagua mwenyekiti, serikali ilimtaka Chris Grayling. Wajumbe wakamchagua Julian Lewis, naye wa chama tawala. Chama kilimfukuza kwenye kundi lake la wabunge siku ileile, lakini kiti cha uenyekiti kilibaki chake.

*Inamfaa nani.* Chombo ambacho wajumbe wamekwishajuana, wanaweza kupiga kura ya siri ya kweli, na wanaotaka zaidi ya yote kamati isiyoogopa.

Zikisimama ubavu kwa ubavu

Kwa uwiano wa makundi, Spika hutangulia, vyama hufuata, kura hubaki nyuma. Kwa haraka, mpangilio ni uleule. Kwa uwiano wa vyama peke yake, ugawaji wa vyama ni wa haki zaidi kuliko wa Spika. Kwa uhuru wa mjumbe, kura hutangulia mbali, na zile mbili hutofautiana tu kwa jina la bosi. Kwa ujuzi sioni mshindi, kila njia imewahi kumweka mtu sahihi na kumwacha nje mtu sahihi.

Jambo moja nalishikilia, nalo halitegemei umechagua ipi. Watu hugombana usiku kucha juu ya kifungu cha kuteua, halafu cha kuondoa wanakipitisha kwa mstari mmoja, au hawakiandiki kabisa. Anayeweza kukuondoa ndiye unayemwangalia usoni kabla ya kuuliza swali. Spika anayeteua lakini hawezi kuondoa bila kura ya kikao hafanani hata kidogo na Spika anayeteua na kuondoa. Chama vivyo hivyo.

Kulingana na hali yako

Kama chombo chenu kinaanza leo na wajumbe hawajuani, mpeni mwenyekiti au Spika apange kwa kipindi kifupi kinachotajwa kwa tarehe, tuseme miezi sita, halafu pigeni kura. Tarehe iandikwe. "Kipindi cha mpito" bila tarehe hugeuka kuwa cha kudumu.

Kama mna pande mbili zinazokaribiana kwa nguvu, acheni kila upande ulete watu wake, na andikeni mapema nani ataamua upande upi ndio wengi pakitokea ubishi.

Kama upande mmoja ni mkubwa mno, asilimia 80 au zaidi, uwiano wa vyama hautawasaidia wachache kwa lolote. Hapo wekeni uenyekiti wa kamati ya hesabu kwa wachache kwa kanuni, kama Tanzania na Kenya zinavyofanya, na mwacheni mwenyekiti huyo achaguliwe kwa kura ya siri.

Kama wewe ni diwani mpya na umepangiwa kamati usiyoitaka, usinung'unike mgahawani. Andika barua yenye sababu mbili: unachokijua, na kile ambacho watu wa kata yako wanakihitaji. Uliyetaka Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ukapelekwa Elimu, Afya na Maji, tazama kwanza kisima cha kijijini kwako kabla ya kuandika. Huenda uko mahali pako.

Kama ni asasi au kikundi cha wananchi mnaotaka suala lenu lisikilizwe, jueni kalamu iko wapi kabla ya orodha kutoka. Penye Spika, andikeni kwa Katibu wa Bunge. Penye vyama, mtafuteni kiranja. Penye kura, waulizeni wagombea hadharani, kwa sababu siku za kampeni ndizo siku wanazojibu.

Vijana wangu wamenirudishia kifungu juzi. Maneno manne yamekuwa haya: "Wajumbe wa kamati watapendekezwa na wajumbe wa tarafa zao, angalau mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kutoka kila tarafa, na kuthibitishwa na kikao kwa kura ya siri, jina moja moja. Mjumbe hataondolewa ila na kikao, kwa kura ya siri, baada ya kupewa sababu kwa maandishi na kusikilizwa." Binti yule ameongeza chini, kwa kalamu nyekundu, kwamba mwenyekiti wa kamati ya fedha asitoke tarafa moja na mwenyekiti wa baraza. Wanaume wawili wamepinga. Kikao ni Jumamosi.